Dunia Niliyoichora kwa Binzari

Kwanza nikiri ujinga wangu, maana hadithi imeshazunguka shule nzima, na kila anayeisimulia ananifanya mpumbavu kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mpumbavu wa kiasi. Jumatano jioni, mama akiwa sokoni, nilitoa kabatini kitambaa cheupe cha jumuiya nikakichorea ramani ya dunia. Bahari nilipaka bluu ya kufulia. Mabara nilipaka binzari. Niliwaza hivi: bluu ni kitu cha kufulia, haiwezi kuchafua nguo, na binzari ni chakula, chakula hutoka kwa maji. Kwa akili hiyo nimefika kidato cha tatu.

Kwa nyie msiokaa Nyakato, hapa Mwanza, jumuiya yetu ya sala ina nyumba kumi na mbili, na kitambaa ni kimoja. Kila Jumamosi alasiri tunasali nyumba mojawapo na kitambaa kinatandikwa juu ya meza, chini ya msalaba na mishumaa. Sala ikiisha, mama wa nyumba hiyo anabaki nacho. Anakifua, anakipiga pasi, na Jumamosi inayofuata anakikabidhi nyumba ya pili mbele ya wote. Wanawake wanne wanakishika pembe nne, wanakiinua kwenye mwanga, wanakikagua kama mchele wa arusi. Kililetwa na sista mmoja wa Kizungu kabla mama hajaolewa. Tangu hapo hakijapata doa, na mama anasema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja ukoo wake.

Mwezi huo mama alikuwa amechaguliwa mwenyekiti wa jumuiya. Aliyeshindwa ni Mama Koku, jirani yetu, ambaye alikubali matokeo kwa mdomo tu. Na wa kupokea kitambaa Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, alikuwa Mama Koku huyo huyo.

Mtauliza ramani ya nini. Shule yetu ilikuwa imealikwa mdahalo huko Sirari, mpakani na Kenya, mada ikiwa dunia iwe na serikali moja. Sisi tulikuwa upande wa kuunga mkono. Mwalimu Kamugisha, anayetufundisha historia na anayevaa tai hata akienda kuoga, aliagiza ramani isiyo na mipaka. Ramani ya shule ina mipaka mingi, halafu mchwa wameila kuanzia Uhindi kwenda mashariki. Nikasema mwalimu, niachie mimi. Mpango ulikuwa kurudi Jumamosi asubuhi, kufua, kupiga pasi, kurudisha kimya kimya. Mahali pa kitambaa niliacha foronya ya mto, nimeikunja vizuri kabisa.

Nyakato hadi Magu

Tuliondoka Alhamisi alfajiri juu ya lori la mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba yaliyokamuliwa mafuta, ambayo ng'ombe wanayapenda kuliko sisi tunavyopenda pilau. Mashudu yalikuwa yanapelekwa mpakani kuuzwa kwa wafugaji wa Kenya. Zamani, dereva alituambia, mzigo kama huo ukiupeleka mpakani unaitwa mhujumu uchumi. Siku hizi unaitwa mfanyabiashara na unapigiwa saluti.

Dereva huyo anaitwa Mzee Salehe, mtu wa mjini, babu yake Mwarabu, bibi yake Mkerewe, na yeye mwenyewe anasema ni Msukuma wa barabarani. Mwalimu alikaa naye mbele. Juu ya magunia tulikaa mimi na Bhoke, mwenzangu wa mdahalo, Mkuria, binti ambaye hajawahi kucheka kichekesho changu akiwa mbele yangu. Bibi yake anaishi Sirari, kwa hiyo malazi yalikuwa yake na heshima nayo ilibidi iwe yake.

Tulipopita Kisesa, Mwalimu alitoa kichwa dirishani akatuelekeza upande wa Bujora, kwenye nyumba ya makumbusho zinapohifadhiwa ngoma za machifu.

"Zamani kila ngoma ile ilikuwa serikali," alipaza sauti. "Ikilia, watu wanakusanyika."

"Na sasa zimewekwa nyumba moja," nikamjibu, "na hazigombani. Hoja yetu hiyo, mwalimu."

"Hazigombani kwa sababu hakuna anayezipiga," akasema Bhoke.

Nikamwambia yuko upande wangu, ahifadhi sumu kwa ajili ya wapinzani.

Magu hadi Bunda, kupitia tumbo la ng'ombe

Mbele ya Lamadi tairi la nyuma lilipasuka. Mzee Salehe alishuka, akalitazama kama mtu anayemtazama shemeji mkopaji, akasema hilo la akiba nalo lina kiraka, tusubiri apoze roho kwanza. Jua lilikuwa limekolea. Nikatoa dunia yangu mfukoni, nikajifunika nayo kichwani, Afrika ikaangukia puani. Nikasinzia.

Niliamshwa na kitu kikivuta nywele zangu. Nikafumbua macho nikamwona ng'ombe, uso kwa uso, ameinua shingo hadi kwenye ubao wa lori, anatafuna. Nyuma yake walikuwapo arobaini au zaidi, wamelizunguka lori zima, ndimi ndani ya magunia. Na huyo wangu alikuwa anamalizia Amerika Kusini.

Nilivuta. Naye akavuta. Bhoke alikaa pale akitazama ugomvi wetu bila kuegemea upande wowote, mpaka nikamwambia hicho kitambaa ni cha jumuiya, si changu. Hapo ndipo aliporuka akamchapa ng'ombe kofi la pua. Kitambaa kikatoka kizima, ila kimelowa mate mazito ya kijani na vumbi la mashudu kutoka Brazili hadi Ureno.

"Cha jumuiya?" akaniuliza. "Kile cha altare?"

"Kitarudi kabla hawajajua."

"Maige, wewe si mzima."

Mwenye ng'ombe alifika akitembea taratibu, Msukuma wa makamo, fimbo begani, amevaa koti la mtumba la posta ya nchi sijui ipi, lenye baragumu la dhahabu mgongoni. Mzee Salehe alimfokea kwamba mifugo yake imekula gunia zima.

"Shikamoo kwanza, ugomvi baadaye," akasema yule bwana. Wakasalimiana, wakaulizana watoto. Kisha akasema: "Umeegesha gali la chakula kwenye njia yao ya kwenda maji. Njia hii wameipita tangu kwa babu yangu. Balabala ndiyo iliyowakuta."

Mwalimu alifurahi mno, akachukua daftari akaandika. Alisema huo ndio ukoloni kwa sentensi moja: mtu anapitisha mstari wake juu ya njia yako, halafu anakushitaki kwa kuukanyaga. Mzee Salehe akasema sawa, mwalimu, lakini gunia langu limeliwa na nani, ukoloni au hawa?

Waliyamaliza kwa kibuyu cha maziwa ya mgando. Tulikunywa wote kwa zamu, tukiwa tumechuchumaa kwenye kivuli cha lori. Yule bwana akaniuliza hicho kitambaa kina nini. Nikamwambia ni dunia. Akakitazama, akaniuliza malisho yako wapi. Nikamwonyesha pale pa njano. Akasema ni mengi, yanatosha, sasa watu wanagombania nini?

Hoja hiyo ningeipata tangu Nyakato ningeshinda kila kitu.

Bunda, ambako dunia ilibadilika rangi

Bunda tulisimama kula sato wa kuchoma na ugali. Nilimeza harakaharaka, nikaomba beseni na kipande cha sabuni ya mche kwa mama ntilie. Nia ilikuwa kuosha yale mate tu. Nikalowesha, nikapaka sabuni kwenye Amerika Kusini.

Ikawa nyekundu.

Sitanii. Njano iligeuka nyekundu mbele ya macho yangu, kama litmasi ya kwenye kemia. Nikadhani nimejikata kidole. Nikatazama vidole, viko salama. Nikaongeza sabuni ili nyekundu itoke, ikazidi. Ikaingia Afrika. Nikafukuzana nayo hadi Asia. Nilipomaliza, mabara yote yalikuwa mekundu kama macho ya mlevi, na ile bluu ya bahari ndiyo kwanza imefifia, yaani kilichokuwa kizuri ndicho kilichotoka.

Mama ntilie alikuja akasimama nyuma yangu. "Umechinja nini humo, mwanangu?"

"Dunia, mama."

"Haya. Beseni langu ulisuuze."

Maji yalikuwa ya kununua na yalikwisha kabla sijasuuza. Honi ikalia. Nikakikamua na sabuni yake humohumo, nikapanda. Kuanzia hapo sikufanya mzaha hadi daraja la Mto Mara. Bhoke alianza kuniuliza kama naumwa. Nilikuwa naona pembe nne, wanawake wanne, mwanga, na Mama Koku akivaa miwani yake taratibu.

Sirari, nyumba yenye nchi mbili

Bibi yake Bhoke ana boma ambalo mpaka umepita katikati. Kuna bikoni, yaani ile nguzo fupi ya zege ya mpaka, kati ya jiko na nyumba ya kulala. Bibi hulala Tanzania na kupika Kenya. Alituambia wakati wa zile foleni za sabuni, ilipoadimika Tanzania, yeye alikuwa anasema tu anakwenda jikoni, anarudi nayo. Bikoni lenyewe ananolea kisu.

Nilimwamkia shikamoo nikiwa Tanzania, naye akaniitikia marahaba akiwa Kenya. Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza ya nje ya nchi. Ilinichukua hatua sita na nilikuwa nimekwenda kuchukua kikombe cha chai.

"Nani aliweka hilo jiwe, bibi?" nikamuuliza.

"Waliokuja na kamba. Mama mkwe wangu alikuwepo. Wajerumani na Waingereza walipimana wao kwa wao, hakuna aliyemuuliza jiko lake liko wapi. Kunywa chai."

Ijumaa asubuhi wapinzani wetu walikuja kwa miguu kutoka upande wa pili, kila mmoja amebeba kiti chake kichwani, kwa sababu shule mwenyeji ilikuwa na viti vya wageni nusu. Watu wa hapo walijaa madirishani. Na mdahalo huo wa kuusema ukoloni ulifanyika kwa Kiingereza, mkizingatia kwamba sisi ukikamatwa shuleni unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Kiingereza changu kina mwendo, ila hakina usukani.

Nilisimama. Nikasema samaki wa ziwa letu, sangara, anakatwa minofu pale Mwanza asubuhi, jioni yuko angani anakwenda Ulaya, hakuna anayemuuliza pasipoti. Sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, tunakaanga, tunashukuru. Lakini bibi yake Bhoke akitaka kumpeleka ng'ombe kwa dada yake, hatua mia mbili, anaombwa kibali. Kwa hiyo serikali moja ya dunia ipo tayari, nikasema, ila ni ya minofu tu. Sisi tunaomba na mifupa iingizwe.

Walipiga makofi. Madirisha yalipiga makofi. Nikavimba kichwa, nikasema tazameni dunia isiyo na mpaka, nikaifunua.

Mabara yote mekundu.

Upande wa pili alisimama msichana mfupi anaitwa Akinyi. Alitembea hadi kwenye kitambaa, akakizunguka, akanigeukia kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko matusi.

"Mwenzangu amechora vizuri," akasema. "Ila ramani hii naijua. Babu yangu alikuwa nayo ukutani, kutoka shule ya misheni. Kila mahali palipokuwa pa mfalme mmoja, yule wa Uingereza, palipakwa rangi hii hii nyekundu. Serikali moja walishaijaribu. Makao makuu yalikuwa mbali, na kodi ya kichwa ililipwa hapa. Mwenzangu ameipaka tena, safari hii hata Uchina haikupona. Naomba tu atuambie, hiyo serikali yake itakaa wapi? Na nikitaka kuilalamikia, nitapanda gari gani?"

Nilifungua mdomo. Niliyokuwa nayo ilikuwa sentensi moja tu, na niliisema kwa Kiswahili: "Ilikuwa njano nilipoondoka nyumbani."

Waliocheka zaidi walikuwa upande wetu. Hata Bhoke alicheka, mbele yangu kabisa, na Mwalimu Kamugisha alijifuta machozi kwa tai. Kura zilipigwa kwa watu kusimama kulia au kushoto. Tulishindwa. Bibi yake Bhoke alisimama kulia akahesabiwa, kisha akavuka akahesabiwa kushoto. Msimamizi alipomzuia, akasema yeye ana nchi mbili.

Sirari bado, kwenye kamba ya nguo

Baada ya chakula Mzee Salehe alinikuta nyuma ya jiko nimekikumbatia kitambaa. Nikamweleza yote, hadi foronya.

"Binzari na sabuni," akasema. "Mke wangu angekuchapa. Binzari haiogopi sabuni, mjukuu wangu. Inaogopa jua."

Alikata ndimu mbili akazikamulia kwenye maji, akazamisha. Nyekundu ikarudi kuwa njano hapohapo. Kisha tukasuuza mara tatu kwa maji ya kisimani na Bibi akatupa kamba yake, ambayo imefungwa kwenye mti wa Kenya na nguzo ya Tanzania. Tukaanika. Dunia ikaning'inia juu ya mpaka ikidondosha matone pande zote mbili, na mimi na Bhoke tukakaa chini kuigeuza.

Akinyi alikuwa bado hajaondoka, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akila ndizi. Nikamweleza jumuiya yetu inavyokizungusha kitambaa, nyumba kumi na mbili, hakuna mwenyewe, hakuna polisi, na hakijapotea tangu kabla ya mama kuolewa. Nikamwambia kumbe ningesema hilo pale ndani. Serikali ambayo haikai mahali, inazunguka, na kila wiki wanaihakiki kwenye mwanga.

Alimeza ndizi yake. "Hiyo ningeikubali," akasema. "Na kililetwa na Mzungu?"

"Kililetwa na Mzungu."

"Na hamkukichoma."

"Mama amekifua miaka kumi na sita. Mwambie si chake uone."

"Tatizo la serikali hiyo," Bhoke akasema huku akigeuza Asia, "ni kwamba mjinga mmoja mwenye binzari anaimaliza kwa jioni moja."

 

Sirari hadi Nyakato

Jumamosi tuliondoka kabla ya jua, lori limejaa ndizi za Tarime. Kulipopambazuka nilikitandaza kitambaa juu ya mikungu, nikakikalia pembe mbili, Bhoke akakalia mbili, tukakichomesha jua kilomita baada ya kilomita. Bluu ilikuwa imebaki kidogo sana, na kwa kweli ilizidisha weupe. Ulaya ilitoka kabla ya Bunda. Amerika zikafuata. Nikaanza kuimba.

Lamadi tukasimamishwa. Yule bwana wa koti la posta alikuwa katikati ya barabara na ng'ombe wake wote, tangu asubuhi, akitusubiri, maana Mzee Salehe alikuwa amemtajia siku ya kurudi. Alikuwa amefikiria lile gunia, akaona kibuyu kimoja hakitoshi kwa ujirani mwema. Alileta vibuyu viwili. Huwezi kukataa. Huwezi pia kunywa ukiwa umesimama. Nilikunywa huku nikiangalia kivuli cha lori kikirefuka.

"Ile dunia iko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha. "Inakwisha," akasema kwa masikitiko kidogo.

Tuliingia Nyakato saa kumi na robo. Niliruka kabla lori halijasimama, nikakimbia moja kwa moja kwa Mama Koku. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Ndani, meza ilikuwa tupu, haina kitu isipokuwa msalaba, na mama alikuwa amekaa pembeni yake na foronya magotini.  Mama Koku alikuwa ameshavaa miwani.

Nikakitoa kitambaa mikononi, hakijapigwa pasi, kinanuka ndizi. Wanawake wanne wakashika pembe. Wakakiinua dirishani.

Kilikuwa cheupe. Mabara yote yalikuwa yametoka, ila moja. Katikati kabisa, njano hafifu kama chai ya maziwa, lilikuwa limebaki lile nililolipaka mara tatu kwa mapenzi.

"Hiki nini?" akauliza Mama Koku.

"Afrika, mama," nikasema. "Shikamoo."

Mama Koku alimtazama mama. Mama alimtazama Mama Koku. Wakakishika wao wawili, wakakigeuza, wakakitandika kwa upande wa nyuma, kila mmoja akinyoosha ukingo wake, na sala ikaanza. Nilisali kuliko nilivyowahi kusali. Baadaye niliwaona wamesimama uani wananong'ona, vichwa karibu, wale wawili ambao tangu uchaguzi walikuwa wanasalimiana kwa kukohoa.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu: serikali moja, mfalme, minofu, bikoni, ndimu, nyumba kumi na mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akivua viatu. Kisha akasema, na naandika kama alivyosema:

"Hiyo serikali yenu ya dunia nzima, mlishakubaliana nani atafua? Hapana? Sisi tumekubaliana, mimi na Mama Koku, na nyumba kumi zimeunga mkono. Utafua wewe, kila wiki, nyumba hadi nyumba, mpaka hiyo Afrika itoke. Beseni lile pale."